Pixel 8a: kinachovuka mpaka na kinachobaki ughaibuni

Hamjambo watazamaji wangu, hasa ninyi mnaonijaza ujumbe kila ninapotangaza kwamba ninapanda ndege kuja nyumbani. Ombi huwa ni lile lile: "Dada, tuletee simu ndogo yenye kamera nzuri, isiyofilisi mtu," na siku hizi wengi wenu mnaitaja kwa jina kabisa, Pixel 8a. Nimekuja nayo Nairobi, nimekuwa nikiizungusha kutoka South B hadi Kasarani, na leo nitaieleza kwa jicho la mtu anayeishi hapa. Simu iliyoandaliwa kwa soko la Marekani huwa na mambo yanayovuka mpaka pamoja nayo na mengine yanayokwama kule kule, na hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Google iliizindua Mei 2024 kwa dola 499, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya shilingi 64,000, kabla ya kodi ya mauzo ambayo katika majimbo mengi ya Marekani huongezwa ukiwa tayari umefika kwenye kaunta ya kulipa. Kioo chake ni cha inchi 6.1, upana wake ni milimita 72.7, na uzito wake haufiki gramu 190. Kwa mtu aliyezoea Tecno, Infinix au Samsung za daraja la kati, ambazo nyingi zinapita inchi 6.5, hii itaonekana kama simu ya mtoto mpaka aishike. Dole gumba linafika karibu kila kona bila mkono wa pili kusaidia, jambo ambalo utalithamini ukiwa umesimama ndani ya matatu, mkono mmoja umeshika chuma na kondakta anadai nauli kwa M-Pesa. Wanaotaka umbo hili wajue pia kwamba Pixel 9a, iliyofuata mwaka 2025 kwa bei ile ile, ilipanuka hadi inchi 6.3.

Kioo chenyewe ni cha OLED, kinajisasisha hadi mara 120 kwa sekunde, na mwangaza wake wa juu kabisa hufikia niti 2,000. Tuziache takwimu: nilisimama nje ya jengo la Kenya National Archives saa saba mchana, jua likiwa utosini, nikausoma ujumbe wa M-Pesa hadi salio bila kukikinga kioo kwa kiganja. Tabaka la kinga la juu, hata hivyo, ni kioo cha Gorilla Glass 3, kizazi kilichotoka mwaka 2013, na kwa simu ya bei hii huo naona ni ubahili. Weka protekta siku ile ile unayoitoa kwenye boksi. Maji yasikutie hofu sana, kwa kuwa ina kiwango cha IP67, yaani inahimili kuzama katika maji matamu ya kina cha mita moja kwa dakika 30.

Sasa tuje kwenye laini, maana hapa ndipo wengi hukwama. Simu hii ina trei ya laini moja tu ya kawaida, na laini ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu kwa programu. Nusu ya Nairobi, ukinikubalia kutia chumvi kidogo, hutembea na Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na Airtel kwa ajili ya bando, kwa hiyo mmojawapo wa mitandao hiyo itabidi uhamie kwenye eSIM. Safaricom inatoa huduma hiyo, na ushauri wangu ni kuihamisha laini yenye M-Pesa, kwa sababu mwizi akiinyakua simu hawezi kuichomoa laini isiyoshikika na kuitupa mtaroni. Kadi ya kumbukumbu haina pa kuingia, kwa hiyo chagua mapema kati ya GB 128 na GB 256, na tundu la earphone za waya pia halipo.

Hata hivyo, habari za trei hazitakusaidia lolote ikiwa ndugu yako amekununulia simu iliyofungwa na mtandao. Kampuni za simu za Marekani huuza simu kwa mkopo au kwa bei ya kutupa, kisha huifunga ikubali laini zao pekee hadi deni liishe au muda waliouweka upite. Ukiipokea ikiwa katika hali hiyo, laini ya Nairobi itakataliwa, nawe utabaki na kamera ya bei ghali inayotegemea WiFi ya jirani. Mwambie anayekununulia achukue ile iliyo huru kwa mitandao yote tangu dukani, hata ikimgharimu zaidi kidogo. Na wale mnaosema basi mtaletewa iPhone badala yake, kumbukeni kwamba iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina trei ya laini kabisa.

Kamera ndiyo iliyonifanya niinunue, na hapa nitakaa kidogo. Ile kuu ni ya megapikseli 64, kando yake kuna ya pembe pana ya megapikseli 13, na ya mbele pia ni ya 13. Ile 64 isikulevye, kwa kuwa picha inayohifadhiwa huwa ya takriban megapikseli 16: vihisi vinne vidogo huungana na kufanya kazi kama kimoja, ili vikusanye mwanga mwingi zaidi. Kazi kubwa baada ya hapo hufanywa na programu, na mojawapo ni ile ambayo Google iliiita Real Tone ilipoanza na Pixel 6 mwaka 2021, kwa lengo la kuzisahihisha kamera zilizokuwa zimezoea ngozi nyeupe na kuigeuza ngozi nyeusi kuwa kijivu au masizi. Nilimpiga picha mjomba wangu jioni akiwa kwenye baraza, amevaa shati jeupe, na taa pekee iliyowaka ilikuwa nyuma ya bega lake. Katika hali kama hiyo, kamera nyingi hulifuata shati na kuuacha uso kuwa kivuli. Hii iliuacha uso na rangi yake ya kahawia, hata mikunjo ya pembeni mwa macho ikaonekana, ingawa mistari myembamba ya shati ilipotea katika weupe. Kati ya mistari ya shati na uso wa mjomba, ninajua ninachotaka kukihifadhi.

Kipo pia kifutio cha kelele katika video. Nilijirekodi nikiwa kando ya Mombasa Road, honi na upepo vikishindana, kisha nikaishusha sauti ya upepo kwa kidole. Maneno yangu yalisikika vizuri, ila sauti ilikonda na kuwa kama inatoka ndani ya mkebe. Kwa ujumbe wa familia inatosha, lakini kwa harusi ya kulipwa tumia maikrofoni.

Ndani yake kuna kichakataji, yaani ubongo wa simu, cha Tensor G3 na RAM ya GB 8. Kwa WhatsApp, ramani, programu za benki na uhariri mdogo wa video hutaona uzito wowote, lakini mchezaji wa gemu nzito atapata simu yenye kasi zaidi kwa fedha hizo hizo, tena isiyopata joto upesi kama hii. Betri ni ya mAh 4,492, nayo inanifikisha jioni, lakini kasi ya kuchaji ni wati 18 tu. Kwa mtu ambaye stima yake hupotea na kurudi kwa saa moja kisha ikapotea tena, hilo ni pungufu la kweli, kwa sababu katika saa hiyo moja simu za bei ya chini zenye wati 33 au 45 zitakuwa zimeiacha hii nyuma kabisa.

Upande wa mfumo, Google iliahidi masasisho kwa miaka saba, yaani hadi Mei 2031, na ahadi hiyo inavuka mpaka bila kizuizi kwa sababu hupitia kwenye intaneti. Kumbuka tu kwamba sasisho si zawadi kila mara: Januari 2025 sasisho la Pixel 4a lilipunguza uwezo wa betri katika baadhi ya simu hizo, na Julai mwaka huo huo Pixel 6a ikaletewa sasisho la lazima linalobana betri ikishapita mizunguko 400 ya kuchaji, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo itunze betri mapema kwa kuweka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80, mpangilio ambao tayari umo ndani ya simu.

Kwa wapita njia wa Moi Avenue, kuna ulinzi ambao ningeuwasha kabla ya jambo lingine lolote, nao ni ule unaotambua mtikisiko wa simu inaponyakuliwa mkononi na mtu kutoka mbio, kisha ukakifunga kioo papo hapo. Google ilianza kuusambaza mwaka 2024, tena hata kwa simu nyingine za Android 10 na kuendelea, kwa hiyo utafute hata katika hiyo uliyo nayo sasa.

Kinachobaki ughaibuni ni vitu kama msaidizi anayepokea simu kwa niaba yako na kumhoji mpigaji, ambaye ametengewa nchi chache. Kinasa sauti kinachogeuza mazungumzo kuwa maandishi hakielewi Kiswahili, ingawa kibodi ya Google inakielewa vizuri ukiiambia maneno badala ya kuyachapa. Udhamini nao hukwama kule kule. Google haiuzi Pixel rasmi nchini Kenya, kwa hiyo kioo kikipasuka utamtegemea fundi wa Luthuli Avenue, ambaye ana vioo vya Samsung na Tecno tele, lakini cha Pixel huenda akakuagizia na kukutajia bei utakayotaka kuisikia ukiwa umeketi.

Katika boksi hakuna kichwa cha chaji, kuna waya wa USB-C tu. Ndugu yako asikununulie cha Marekani chenye meno mawili bapa. Nunua hapa cha pini tatu, mradi kiwe cha USB-C chenye Power Delivery, ule mfumo wa kuchaji kwa kasi.

Na ninyi mnaosafiri nazo, ilitangazwa kwamba kuanzia 1 Januari 2025 abiria anayeingia Kenya angetakiwa kutangaza simu anazobeba, pamoja na nambari zake za IMEI, yaani za utambulisho wa kila simu, katika fomu ya F88 ya forodha, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2025. Hata hivyo ni vyema uzijue nambari hizo, kwa hiyo piga *#06# kabla ya kupanda ndege. Kwa kuwa Pixel 8a hutumia laini mbili, itakuonyesha IMEI mbili, kila moja ikiwa na tarakimu 15. Ziandike zote mbili mahali nje ya simu hiyo, na uziweke pamoja na risiti ya dukani.