Shimo Lako Lifukie Kwanza

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele, maiki hii haina nguvu. Walionialika waliniomba niongee kuhusu mashine zetu za kutafutia metali mchangani na ardhini, ipi inamfaa anayeanza, koili, yaani ile duara ya chini tunayoipitisha juu ya ardhi, iwe ya ukubwa gani, na nitagusia, ila wengi humu mshanisikia na mnajua mi naanzia wapi. Naanzia kwenye shimo. Sio kilichotoka shimoni, nasema shimo lenyewe, lile linalobaki ukishachukua chako ukasonga mbele.

Ngoja niwape kisa, waliokisikia wanivumilie maana leo kuna wageni.

Ilikuwa asubuhi, ufukwe wa kuogelea, msimu wa watu wengi, mi nimefika kabla ya jua maana hiyo ndio saa yetu, mchanga mtupu na jana yake umekanyagwa na watu kibao. Nikawa natembea ule mstari wa mchanga mkavu ambapo watu hutandika mataulo, pale ndipo mifuko inapomwagika mtu akikunja nguo zake. Nikapata mlio mzuri, ule wa katikati, sio ule wa juu wala ule wa kukwaruza wa chuma, mlio laini unaorudi vilevile ukipitisha koili huku na ukipitisha kule. Kila mtu humu anaujua mlio huo na anajua moyo unavyofanya ukiusikia. Pete ya dhahabu inalia hivyo hivyo. Nikachimba. Sasa mchanga mkavu ukiuchimba kingo zinaporomoka, unazidi kupanua, mpaka nikawa na shimo la katikati ya muundi, upana kama beseni la kufulia. Nachota nachuja, nachota nachuja, mwisho kwenye koleo kikabaki kile kipete cha kufungulia kopo la soda. Nikakitia mfukoni. Kabla sijafukia, hatua tano mbele nikapata mlio mwingine, nikajiambia huu kwanza, lile nitalirudia.

Sikulirudia. Ule mlio wa pili ukanipeleka wa tatu, wa tatu ukanipeleka majini, jua likapanda, familia zikaanza kuingia. Kuna mama alikuwa na mtoto wa miaka mitatu minne hivi, mtoto anacheka, mama kashika simu anarudi kinyumenyume ili picha imchukue mtoto na maji kwa nyuma. Nilisikia ukelele tu. Kugeuka, mguu mmoja umeingia wote na mwili umeshakwenda chini, kifundo kimepinda upande ambao kifundo hakipindi. Mtoto akaacha kucheka, akawa anamvuta mama yake mkono ainuke. Mlinzi wa waogeleaji akaja mbio na banzi, akamfunga, na mi nimesimama pale na mashine begani. Yule mama akaniangalia akaniuliza, ni wewe uliyechimba hapa? Nikasema ndiyo mama, ni mimi. Akauliza, ulikuwa unatafuta nini? Nikatoa mfukoni nikamwonyesha. Akakiangalia kile kipete mkononi mwangu, akageuza uso akamwangalia mwanawe.

Wiki ile ile wenye ufukwe wakaweka bango, picha ya mashine yetu imepigwa mstari mwekundu. Na liko mpaka leo. Kuna wenzangu pale walikuwa wamefukia kila shimo miaka yote, wengine wameshawarudishia watu pete za ndoa pale pale, wote wamefungiwa kwa ajili ya shimo langu moja. Kwa hiyo mtu akiniambia nakuza jambo dogo, simwelewi kabisa.

Na mjue haya mashimo hayatapungua, hiyo ndio asili ya hobi yenyewe, hapa naomba wanaoanza wanisikilize. Mashine haijui dhahabu. Watu wananunua mashine wakidhani ina pua ya kunusa dhahabu, hapana, koili inatoa uga wa sumaku, uga ule ukikuta metali unaamsha mkondo wa umeme ndani yake, na mkondo ule nao unatoa uga wake, mashine inaupokea na kupima metali ile inapitisha umeme vizuri kiasi gani na ina ukubwa gani. Basi. Sasa pete nyembamba ya dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, na kipete cha kopo cha alumini, kwa mashine vinaangukia pale pale. Ukiiambia mashine isilie kwa vipete vya makopo, umeiambia isilie na kwa pete nyingi za dhahabu pia. Ndio maana anayetaka pete lazima achimbe takataka, na lazima achimbe nyingi.

Hili la mashine kujua kuna metali bila kujua ni metali gani ni la tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, madaktari hawaioni risasi iko wapi mwilini, akaitwa Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, aje na kifaa chake cha kutafuta metali. Kikalia, lakini risasi haikupatikana, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya kitanda chenye springi za chuma. Mashine ilikuwa inasema kweli, metali ipo. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa lakini swali ni lile lile, na jibu lake unalipata kwa koleo tu.

Na vile vipete vya makopo navyo vina historia yake. Mmarekani Ermal Fraze alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1963, kopo unalifungua kwa kuvuta kipete kinang'oka chote na kimkia chake, watu wakawa wanakunywa na kutupa pale pale mchangani, miaka na miaka, mpaka Daniel Cudzik alipokuja na kile kinachobaki kwenye kopo katikati ya miaka ya 1970. Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo vile vya zamani bado tunavichimba leo, vimekunjika, na mkia wake unakata kidole cha mguu kama wembe. Ukikitoa usikirudishe shimoni! Nimewaona watu kwa macho yangu, anatoa takataka, anaitazama, anaitupa pembeni, kesho mwenzake anaichimba tena, shimo jingine. Vaa mkoba wenye mifuko miwili, mmoja wa vitu vyako, mmoja wa takataka, ukitoka pitia pipa.

Sasa najua kuna mtu hapo anasema moyoni, si maji yakijaa yatafukia yenyewe? Hilo neno nimelisikia mpaka nimelichoka. Kwanza ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa kusema, shimo litabaki pale. Pili hata baharini, ule mchanga mkavu wanakolala watu maji kwa kawaida hayaufiki, ndio maana wanalala pale. Tatu hata yakifika, yatafika baada ya saa kadhaa, na mtoto anakimbia sasa hivi. Halafu kuna kitu watu hawakifikirii, maji yanayofukia shimo yanaweza kuweka mchanga laini juu ya laini, kwa macho pamesawazika, mguu ukikanyaga unazama. Na fukwe ambazo kasa wanapanda kutaga, usiku vitoto vya kasa vinatambaa kwenda majini, kikitumbukia kwenye shimo hakitoki, asubuhi ndege anakuta chakula. Fukwe kama hizo wakati wa kutaga usiende na koleo kabisa, acha.

Mwingine ataniambia, mbona watoto wanachimba mashimo makubwa kuliko yetu na hakuna anayewakemea. Wanapaswa kukemewa! Mchanga mbichi unasimama kwa sababu ya ule unyevu unaoshika chembe, ukikauka au mtu akikanyaga ukingoni ukuta unaanguka wote kwa mara moja, na watu wamekufa hivyo, wamefukiwa na mchanga wa ufukweni katikati ya watu wanaota jua. Kwa hiyo ukiona shimo la watoto wameliacha, lifukie pia. Koleo unalo wewe, wao hawana.

Kufukia kwenyewe ni nini. Sio kusukuma mchanga na ubavu wa mguu huku macho yako mbele. Unarudisha nusu, unakanyaga kwa uzito wako wote, unarudisha iliyobaki, unakanyaga tena, halafu unapita juu mwenyewe. Mguu ukizama, rudia. Na unafukia kabla hujapitisha koili mahali pengine, hilo ndilo mi nililikosea, mlio wa pili hauendi popote, utaukuta. Majini vilevile. Wale wanaopenda kutafuta kwenye maji ya kiunoni, na ni pazuri, maji ya baridi yanasinyaza vidole, mafuta ya jua yanatelezesha, pete zinachomoka pale pale watu wanaporushiana maji, lakini kumbukeni anayesimama pale baadaye pengine hajui kuogelea, anategemea ule mchanga chini ya nyayo. Akikanyaga shimo lako maji ya kifuani yanakuwa ya mdomoni.

Sasa kambini, pale watu wanapopiga mahema, mambo ni magumu zaidi kwa sababu kuna majani, na majani hayasahau. Ukichimba ovyo, baada ya siku mbili tatu pana duara la kahawia linaloonekana kutoka barabarani, na mwenye kambi halazimiki kuuliza nani. Unakata pande tatu kwa kisu, upande wa nne unauacha ushike, unalifunua lile bonge la udongo na majani yake kama unafunua kifuniko cha sanduku, mizizi isivunjike. Udongo unaotoa unauweka juu ya kitambaa, sio juu ya majani. Ukimaliza unamwaga wote shimoni, unarudisha kifuniko, unakanyaga, na chupa ya maji uliyobeba unamwagia pale. Mi nikimaliza naondoka hatua kumi halafu narudi kuangalia, nikipaona bado napatengeneza. Ardhi ikiwa kavu kama tofali, ghairi, bonge litakufa hata ulikate vipi, rudi baada ya mvua.

Na kambini utatoa vigingi vya mahema mpaka uchoke, vilivyopinda, vilivyokatika kichwa, vitoe vyote, hivyo ndivyo vinavyochoma nyayo za watu usiku wakienda chooni. Jikoni, namaanisha penye mafiga ya moto, utakuta foili na alumini iliyoyeyuka kama machozi. Usitie mkono kwenye majivu, makaa yanaweza kukaa na moto chini ya majivu mpaka siku ya pili. Na karibu na nguzo za umeme na mabomba usichimbe kabisa, nyaya nyingine zimelazwa juu juu tu.

Muda naona unakimbia. Haraka haraka. Mashine: kama unakwenda mchanga mkavu, maji yasiyo na chumvi na kambini, mashine ya kawaida ya masafa mamoja, yaani inayotuma mtetemo wa umeme wa kasi moja tu, inatosha. Mchanga mbichi wa maji ya chumvi unapitisha umeme wenyewe, mashine ya kawaida inapiga kelele bila sababu, hapo unataka ya masafa mengi au ya mipigo, inayotuma umeme kwa mipigo mifupi mifupi, ile ya mipigo inakwenda chini sana lakini haikubagulii vizuri chuma na kingine, maana yake nini? Mashimo mengi zaidi, na marefu zaidi. Mshanielewa.

Ruhusa: uliza kabla, kila mahali. Kwa mfano mbuga za taifa za Marekani huruhusiwi kabisa, hata kuwa nayo mkononi bila kuitumia ni kosa.

Vitu vya kale, hapa nitachukua dakika moja. Mwaka 1992 kule Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikwenda shambani kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea. Akakuta dhahabu na fedha za enzi za Warumi. Akaanza kutoa, halafu akaacha. Akaacha! Wakaitwa wanaakiolojia, wakaja kesho yake wakachimba wenyewe, wakatoa sarafu karibu 15,000 na vitu vingine vikiwa bado vimekaa vilivyopangwa kwenye sanduku lake, na kwa sababu vilikaa vile tunajua vilifungwaje. Nyundo nayo ilipatikana. Yule ni mtu aliyejua kuliacha shimo likiwa dogo.

Pete zenye majina ndani mrudishieni mwenyewe, hilo nilikuwa na mengi ya kusema, basi siku nyingine. Na kitu chochote kinachofanana na bomu au risasi kubwa, hasa fukwe zilizopiganiwa vita, usikiguse, weka alama mbali kidogo, ondoa watu, ita polisi.

Maswali tutaulizana tukiwa tunafanya. Nje pale kwenye mchanga jana nimezika vitu ishirini na nimeviandika vyote na mahali vilipo, kuna pete moja ya kweli, vingine mtaona. Kila mmoja achukue koleo, mwende wawili wawili, mmoja anachimba, mwenzake anapita juu ya shimo likishafukiwa. Mguu ukizama mnarudia.