Mifano Mitano Si Uthibitisho

Walimu wenzangu, nimelisema hili Kasarani, nimelisema Buruburu, na leo nalirudia hapa katikati ya jiji la Nairobi: mifano mitano si uthibitisho.

Tazameni ubaoni: 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukajumlisha 1. Mwanahisabati Mfaransa Fermat, karne ya 17, aliwajua ndugu zake wadogo, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukajumlisha 1: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote nambari tasa, zisizogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini na hii ni tasa, na zote zitakazofuata. Fermat huyo huyo, na akili yake yote! Basi msimkaripie mtoto wa kidato cha pili aliyejaribu 2, 3, 5 na 7, zikakataa, akaandika "tasa" na kufunga daftari. Mimi namkaripia mwalimu aliyempa alama.

Imani hiyo ilidumu hadi 1732, mwanahisabati Mswisi Euler alipoivunja. Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, simu tunazo, tubonyeze tu." Haya, bonyeza. Utaanza na ipi? Kalkuleta hugawanya, lakini haikuchagulii kigawo. Chini ya kipeuo cha pili cha nambari hii kuna nambari tasa 6,542. Utabonyeza mpaka taa za Moi Avenue ziwake. Euler aliuliza kwanza: kigawo chake tasa, kama kipo, kina sura gani? Akathibitisha kwamba ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Msitu wote ukafyekwa, ikabaki miti ya kuhesabika. Toeni kalamu, tugawanye kwa mkono. 193: inabaki 109. 257: inabaki 2, na najua moyo umewaruka, lakini 2 si sifuri. 449: inabaki 325. 577: inabaki 288. 641...

Haibaki kitu. 641 mara 6,700,417, kamili. Jaribio la tano! Anayepita tasa zote kwa zamu kuanzia 2 anaifikia 641 kwenye jaribio la 116. Tofauti hiyo ndiyo hesabu ninayowaomba mfundishe, na nitaendelea kuwaomba.

Tena 641 ni 5 mara 128 ukajumlisha 1, na pia ni 625 ukajumlisha 16. Kwa sura hizo mbili unathibitisha kwa mistari minne tu, bila kugawanya, kwamba 641 ni kigawo. Nilitaka kuiandika, na nilitaka kumfikia Mjerumani Gauss na umbo lake la pembe 17 la mwaka 1796, linalochorwa kwa rula na bikari tu, lakini naonyeshwa saa. Mjue tu kwamba tasa ya sita ya ukoo huu haijapatikana hadi leo.

Kazi ya nyumbani, yenu, si ya wanafunzi: je, 6,700,417 nayo ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sura ya vigawo vyake tasa mmeshaijua. Nileteeni mabaki yote, moja moja, kwa mwandiko wenu.