Bret Hart na Ufundi wa Kutoumiza

Ndugu wasikilizaji, jioni hii nitamzungumzia Bret Hart, mwanamieleka mstaafu wa Kanada, aliyezaliwa Calgary mwaka 1957 akiwa mtoto wa nane kati ya kumi na wawili wa Stu Hart, ambaye aliwafunza vijana mieleka katika chumba cha chini ya nyumba yake, kilichofananishwa na gereza la mateso.

Tuliokuwa tukitazama mieleka kwenye televisheni tulibishana sana kama ni ya kweli ama ni maigizo. Mshindi hupangwa mapema, lakini mwili unaobwagwa ni wa kweli, na umahiri wa Hart ulikuwa hapo hapo: ngumi yake ilionekana kana kwamba inavunja taya, ilhali hujivunia kwamba hakuwahi kumjeruhi vibaya mpinzani yeyote. Ubingwa wa WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, aliutwaa mara tano, kwanza Saskatoon mwaka 1992 alipomshinda Ric Flair.

Ufundi wa namna hiyo hauwezekani bila kuaminiana, na ndiyo maana tukio la Montreal la tarehe 9 Novemba 1997 lilimchoma kuliko kipigo chochote. Hart alikuwa akihamia WCW, kampuni shindani, hakutaka kumwachia mpinzani wake Shawn Michaels mkanda wa ubingwa mbele ya Wakanada wenzake, na alikuwa amekubaliana na mwenye WWF, Vince McMahon, kwamba pambano livurugike bila mshindi. Michaels alipombana miguu kwa mkabo ule ule uliompa Hart sifa, McMahon aliamuru kengele igongwe, ingawa Hart hakuwa amesalimu amri. Hart alimtemea McMahon mate pale ulingoni, na baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, akamtandika ngumi, ambayo safari hii haikuwa ya maigizo.

Mei 1999 mdogo wake, Owen, alifariki Kansas City baada ya kuanguka alipokuwa akiteremshwa ulingoni kutoka juu ya ukumbi. Desemba hiyo hiyo teke la mwanamieleka Goldberg lilimtikisa Hart ubongo, na mwaka 2000 akastaafu. Kiharusi kilimpata mwaka 2002.

Januari 2010 alipeana mkono na Michaels ulingoni, kisha Machi akapambana na McMahon. Kama pambano, lilikuwa hafifu mno, nami silitetei. Lilipangwa hivyo ili Hart, aliyekwisha kupata kiharusi, asibwagwe.