Kitanda kitoke nje: mhadhara kuhusu jengo la tiba shufaa Mwanza

Ndugu zangu wauguzi, wahandisi, na nyinyi wanafunzi mlioketi ngazini, asanteni kwa kuja. Tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, sitaieleza kwa urefu. Wauguzi waliomo humu wanaijua kuliko mimi, na wengi wetu tumeshauguza. Nimekuja na jambo lile lile ninalolisema kila ninapoalikwa: kitanda kiweze kutoka nje. Ukiniletea mchoro wa jengo la wagonjwa ambao hawatarajiwi kupona, sitaanza na paa wala rangi. Nitatafuta mlango wa kitanda.

Nao uwe mlango wa sentimita 120, usio na kizingiti, unaofungukia baraza lenye paa na upana wa mita tatu. Kitanda cha hospitali ni takriban mita mbili kwa moja. Kwenye mlango wa sentimita 90 hakipiti. Na kile kizingiti kifupi anachoweka fundi ili maji ya kudeki yasitoke, mtu mwenye saratani ya mifupa akipitishwa juu yake atapiga kelele. Weka sakafu yenye mteremko kidogo na mfereji wenye mfuniko wa matundu. Maji yatakwenda, na kitanda kitapita.

Kuna wodi moja, sitaitaja, iliyojengwa juu, ziwa lote liko chini yake. Alilazwa humo mzee aliyekuwa mvuvi wa dagaa. Madirisha yalianzia mita moja kutoka sakafuni, godoro likiwa sentimita 60. Aliyesimama anaona ziwa. Aliyelala anaona dari na kipande cha anga. Kila jioni mzee alimuuliza binti yake, “Taa zimetoka?” Binti anasimama dirishani, anamtajia taa za wavuvi ziko upande gani, na mzee anamwambia upepo umewapeleka wapi na kwa nini. Usiku wa mbalamwezi hakuuliza, maana dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Kilichomnyima ziwa ni kozi mbili za tofali. Kozi mbili! Tena zimenunuliwa, zimesombwa kwa gari, zimelipiwa fundi.

Najua kuna anayewaza kwamba huo ni utu tu, si tiba. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliopasuliwa kibofu cha nyongo wakalazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Nanyi mnaosema hayo ni ya nchi tajiri, nendeni Butaro, Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011. Vichwa vya vitanda vimeelekezwa kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi, kila mgonjwa anatazama dirisha. Mpango huo hauhitaji pesa za kigeni, unahitaji mtu kuwaza kabla ya kuchora.

Halafu mbu. Kila mara naulizwa mbu! Weka wavu baraza zima, siyo dirishani peke yake, na kwa kuwa wavu hupunguza upepo, panua uwazi. Tena uwe wavu wa matundu madogo, maana wale inzi wa ziwani wanaopaa kama moshi hawazuiliwi na wavu wa matundu makubwa. Wezi? Grili ipo, fundi aichomelee nondo za wima, zisikate macho ya aliyelala.

Pingamizi ninaloliheshimu ni hili: watu wetu wanataka kufia nyumbani. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilijijenga juu ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, na wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani. Kwa hiyo sidai jengo kubwa. Vitanda kumi vinatosha kuanzia. Lakini hapa Mwanza nyumba nyingi ziko mlimani katikati ya mawe, gari haifiki, mgonjwa anabebwa mgongoni. Huyo akizidiwa na maumivu usiku, anahitaji mahali pa kutulizwa siku chache, kisha arudi kwake.

Chumba nacho kiruhusu kitanda kugeuka. Mwislamu akikaribia kukata roho ndugu watataka aelekee kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, ikiinama mashariki kidogo. Kitanda hicho kutoka pembe hadi pembe kina takriban mita mbili na robo. Acha duara tupu la mita mbili na nusu. Nimeona ndugu wanasukumana na kabati saa ile. Saa ile si ya kusukuma kabati.

Naonyeshwa saa, basi nipite haraka. Jiko la ndugu liwe karibu, kwa sababu uji wataupika hata ukiwakataza. Maiti isipitishwe karibu na jalala. Ipewe mlango wenye kivuli, na gari lifike. Msingi uwe wa mawe, tunayo mengi. Kuta ziwe za tofali za udongo na saruji zinazofungamana, maana tofali za kuchoma zinakula kuni. Jengo lirefuke mashariki kwenda magharibi ili madirisha yakwepe jua. Chini ya bati wekeni dari nene. Mvua ikipiga mgonjwa asikie anachoambiwa na mkewe. Na mvua hiyo mkinge: hapa ni takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo bati la mita za mraba 400 linaweza kuwapa zaidi ya lita 300,000 hata baada ya upotevu.

Bustani nimeiruka, na umeme wa jua nimeuruka. Mzee pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja nondo. Karibu, mzee, uanze wewe.