Jagi Kwanza, Boksi Baadaye: Mhadhara Kuhusu Hita ya Maji ya Chini ya Sinki

Karibuni. Mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, msione haya.

Mezani mnaona jagi la lita moja, kipimajoto cha jikoni na simu yangu ya kuhesabia sekunde. Hita yenyewe bado imo kwenye boksi, nami nimeiacha humo makusudi. Watu huniletea picha ya boksi na kuniuliza, “Mwalimu, hii ni nzuri?” Nitajuaje, nami sijui bomba lako linamwaga maji kiasi gani? Ukinunua kwa kutazama boksi tu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na kinachotokea ndani ya chombo hiki. Hakina tangi. Maji yanaingia ya baridi, yanapita haraka kwenye koili yenye moto, yanatoka. Joto yaliyolipata katika safari hiyo fupi ndilo hilo hilo, hakuna jingine. Birika la umeme huyakalisha maji hadi yachemke, lakini hita hii haimsubiri mtu. Kwa hiyo maji yakipita mengi, kila tone linapata kidogo. Yakipita machache, yanatoka ya moto.

Shikeni namba moja tu leo: 70. Ukitaka kila lita inayopita kwa dakika ipande joto kwa digrii moja, unahitaji takriban wati 70. Zidisha lita kwa dakika, mara digrii unazotaka kuongeza, mara 70. Basi. Hesabu hiyo haibadiliki, hata hita iwe na rangi gani au taa ngapi za kupendeza.

Sasa twende kwenye beseni lile la kunawia pale ukutani. Nafungua bomba lote, naweka jagi... sekunde kumi na mbili, limejaa. Hizo ni lita 5 kwa dakika. Kipimajoto kinasema maji ni digrii 22. Maji ya kunawa mikono yanayopendeza ni kama digrii 38, kwa hiyo tunataka kuongeza 16. Tano mara 16 mara 70: wati 5,600. Hita kubwa hiyo, kwa kunawa mikono tu!

Subirini. Nafunga bomba kidogo, naweka jagi tena. Sekunde thelathini, yaani lita 2 kwa dakika. Haya, dada wa pale mbele, njoo unawe. Maji yanatosha? Anasema yanatosha. Sasa mbili mara 16 mara 70 ni wati 2,240. Mikono ile ile, beseni lile lile, nguvu imeshuka chini ya nusu.

Ila leo si siku ya baridi kali. Kuna mahali na majira ambapo maji yanafika bombani yakiwa digrii 10. Hapo lita 2 zile zile zinataka kupandishwa digrii 28, na hita ya wati 3,500 itakuongezea 25 tu, utoke na 35. Si mabaya, ila ni ya vuguvugu. Kwa hiyo mpime maji siku ya baridi. Ukipima siku ya joto unajidanganya mwenyewe.

Naona mkono. Ndugu anauliza: kwa nini basi tusifunge bomba zaidi, tupate maji ya moto kwa hita ndogo? Swali zuri, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ndani ya hita kuna swichi inayosukumwa na mwendo wa maji. Nyingi zinataka karibu lita moja, au moja na nusu, kwa dakika ndipo ziwake. Ukifinya bomba chini ya hapo, hita inazima na maji yanarudi baridi. Na hili ndilo huwachanganya wenye bomba la kuchanganyia: maji yamekuwa ya moto mno, mtu anaongeza ya baridi, mwendo upande wa hita unapungua, swichi inakata, ghafla unamwagiwa baridi. Anapiga simu kusema hita ni mbovu, kumbe haina ubaya wowote. Ndiyo maana napenda hita yenye kidhibiti joto: unaweka 40, unafungua upande wa moto peke yake, huchanganyi kitu.

Jikoni ni habari nyingine, na hapa nakiri kosa langu. Hita yangu ya kwanza niliinunua kwa ajili ya sinki la jikoni, wati 3,500. Muuzaji aliniambia inatosha nyumba nzima, nami nikaamini, maana nilitaka kuamini. Siku ya kwanza sufuria yenye mafuta iliyaoga maji yale na mafuta yakabaki yamenitazama. Fanyeni hesabu: vyombo vyenye mafuta vinataka digrii 45, na lita 4 kwa dakika ili usilale kwenye sinki. Maji yakiingia na 15, ni 4 mara 30 mara 70: wati 8,400. Kwa umeme wa volti 230 hizo ni ampea 36 na ushee, na njia yake ya umeme lazima itoke kwenye boksi kuu la breka, haichangiwi na kitu kingine. Kama huwezi kupata njia hiyo, nunua kitangi kidogo cha lita 10 chenye koili ya wati 2,000. Kinachukua dakika kama 14 kuyatoa maji kwenye digrii 20 hadi 60, lakini kinayaweka tayari. Mimi ninayewasifia hita zisizo na tangi, jikoni kwangu leo kuna tangi.

Kuhusu waya sitawabembeleza. Wati 3,500 kwa volti 230 ni ampea 15 na zaidi. Plagi ya ampea 13 haiwezi, na waya wa kuunganishia wa kuburuta sakafuni hauwezi kabisa. Nimewahi kufika mahali nikasikia harufu ya plastiki kabla sijafungua kabati, na soketi ndani ilikuwa imelainika kama mshumaa. Mwite fundi umeme, apime unene wa waya kwa urefu wake, aweke eathi na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Atazame pia volti: hita iliyotengenezwa kwa 240 ikipewa 208, volti zimepungua kama sehemu moja ya nane, lakini nguvu ya kupasha imepungua robo nzima.

Mengine nitayapitia haraka. Maji yenye chokaa huziba koili, na chokaa hushika zaidi joto likizidi 60, kwa hiyo usipandishe bila sababu. Safisheni chujio la maji yanapoingia. Baada ya kufunga, acheni maji yatiririke hadi hewa yote itoke, ndipo muwashe umeme. Koili iliyowashwa kavu inaweza kuungua palepale. Na mwulize muuzaji kama hita inavumilia presha, au ni ile inayotaka bomba lake maalumu lisilofungwa upande wa kutokea. Ukikosea hapo, hita inaweza kupasuka.

Haya, boksi. Wati 3,500, volti 240, inawaka kwa lita 1.2. Kwa beseni hili inafaa. Na tazameni kifuko hiki cha nailoni ambacho watu hukitupa pamoja na boksi: ndani kuna kichungio kidogo cha kufunga mdomoni mwa bomba, kinachobana maji yasizidi lita 2 kwa dakika. Dada, rudi tena tafadhali. Kikaze kwenye bomba lile, mimi nashika jagi, na wewe kaka shika saa.