Uso wa Paje kwenye Wevufomu: Mhadhara kuhusu Skopu za Kuhariri Video

Assalamu alaykum, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mnaohariri harusi, maulidi na matangazo hapa Unguja na kule Pemba.

Leo nazungumzia skopu, yaani michoro inayopima mwanga na rangi ya video. Jicho halipimi, hulinganisha. Likae nusu saa mbele ya picha iliyoelemea manjano, litaizoea, na umanjano hutauona tena. Laptopu nayo inazidisha: mwanga wa skrini unapanda na kushuka wenyewe, modi ya usiku inatia picha umanjano, na dirisha la Mji Mkongwe linaingiza jua la alasiri. Hayo mawili ya skrini yazimeni kabla ya kugusa rangi, na dirisha lishusheni pazia. Skopu haina mazoea. Inasoma thamani za pikseli na kuzichora kama zilivyo. Zamani ilikuwa chombo kizito cha vyumba vya ufundi vya televisheni. Leo imo ndani ya DaVinci Resolve, hata toleo la bure, imo Premiere Pro na Final Cut Pro, na zipo programu za kazi hiyo tu kama ScopeBox na OmniScope.

Tuchukue klipu moja. Mkulima wa mwani amesimama ufukweni Paje saa sita mchana, maji yamekupwa, mchanga mweupe nyuma yake, kanga kichwani. Fungua wevufomu, mchoro unaoonyesha mwangaza wa picha. Kushoto kwa mchoro ndiko kushoto kwa picha, na kulia vivyo hivyo. Ila juu na chini si juu na chini ya picha: ni kiasi cha mwangaza, na kwenye Resolve kipimo kinaanzia 0 hadi 1023. Mchanga utauona kama utepe mzito karibu na kilele. Ukiwa umebanwa pale ukawa mstari mwembamba ulionyooka, usihukumu bado. Shusha geini, kidhibiti cha sehemu zenye mwanga mwingi. Mstari ukishuka huku ukifunguka na kuonyesha chembechembe, habari ya mchanga ipo na utaiokoa. Ukishuka ukiwa bapa vilevile, kamera iliunguza, yaani mwanga ulizidi uwezo wake, na hakuna kitufe kitakachourudisha.

Sasa tazama katikati, chini ya utepe ule. Lile wingu dogo karibu na 250 ndilo uso.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Masomo mengi ya mtandaoni yanafundisha kwamba uso ukae kwenye asilimia 70 ya kipimo cha mwangaza. Kipimo hicho kimetokana na ngozi nyeupe. Uso mweusi uliopigwa taa vizuri kwa kawaida hukaa kati ya asilimia 35 na 50, yaani takriban 360 hadi 510 kwenye kipimo cha Resolve, na ngozi nyeusi zaidi hukaa chini ya hapo bila kosa lolote. Ukiupandisha hadi 70, unapata uso wa majivu, kijasho kinachong'aa kwenye paji kinaungua, na mtu hafanani na nafsi yake. Haya si mapambo. Ni kumtendea mtu haki katika picha yake.

Kwa klipu yetu, basi: geini ishuke hadi mchanga uwe karibu na 950, halafu gama, kidhibiti cha mwanga wa kati, ipande hadi uso ufike 380 au hivi. Gama ikipanda, vivuli vitafuata na vyeusi vitageuka kijivu, kwa hiyo rudisha lifti, kidhibiti cha vivuli, chini mpaka kivuli kizito kikaribie 0 bila kulala bapa juu yake.

Rangi ya uso inasomwa kwenye vektaskopu, skopu ya duara ya rangi. Katikati ni sehemu isiyo na rangi. Kadiri alama inavyokwenda mbali, rangi inakolea. Na upande inakoelekea ndio aina ya rangi. Chora maski, yaani mpaka wa kutenga sehemu, usoni ili uso pekee ubaki. Utaona mkia unaoelekea kati ya nyekundu na manjano, jirani na mstari wa ngozi, alama ya skopu inayoonyesha upande wa rangi ya ngozi. Weupe na weusi wa ngozi hubadilisha urefu wa mkia kuliko mwelekeo wake, ndiyo maana mstari huo mmoja unatufaa sote. Paje, mwanga unaorudi kutoka majini hupaka kidevu kijani-buluu, na mkia hupinda au kurudi katikati. Msituni Jozani majani huuvuta upande wa manjano na kijani. Hapo sahihisha sehemu iliyopakwa peke yake. Ukivuta picha nzima, mchanga utageuka wa waridi.

Wengi hutumia kanzu nyeupe kama kipimo cha weupe. Msiiamini. Kanzu iliyosuuzwa kwa buluu ni ya buluu kweli, na sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu. Ukiisawazisha kanzu, nyuso zote za harusi zitaelemea manjano. Beba kadi ya kijivu, uipige picha sekunde chache kabla ya shughuli, kisha kwenye paredi, skopu inayoonyesha chaneli tatu za rangi kando kwa kando, panga nyekundu, kijani na buluu zilingane pale kadi ilipo.

Paredi ina kazi nyingine ambayo wevufomu ya mwangaza haiwezi. Katika Rec. 709, kiwango cha rangi cha televisheni ya HD, mwangaza hukokotolewa kwa nyekundu 0.2126, kijani 0.7152 na buluu 0.0722. Jukwaa la taarabu lililomulikwa taa za LED za buluu tupu litasomeka karibu na asilimia 7, kama giza, wakati chaneli ya buluu imeshagonga 1023 na uso wa mwimbaji umekuwa doa lisilo na pua. Kwa Premiere, ondoa alama kwenye Clamp Signal, la sivyo skopu inakata kilichozidi na unadhani uko salama.

Kosa linalosumbua zaidi ni la viwango. Ndani ya faili, video ya kawaida ya biti 10 (ngazi 0 hadi 1023) huweka weusi kwenye 64 na weupe kwenye 940. Faili la kiwango kizima hutumia 0 hadi 1023. Faili la kiwango cha video (64 hadi 940) likisomwa kama kiwango kizima, picha inapauka na wevufomu haigusi chini wala juu. Kinyume chake, vivuli vinazama na weupe unaungua. Kwenye Resolve, bofya klipu kitufe cha kulia, ingia Clip Attributes, badilisha Data Levels. Usitibu kwa lifti na geini.

Kwa kazi ya televisheni, pendekezo la R 103 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, linaruhusu nyekundu, kijani na buluu kuwa kati ya asilimia -5 na 105, yaani 20 hadi 984 kwa biti 10 za kiwango cha video, na linavumilia makosa yasiyozidi asilimia 1 ya eneo la picha.

Na skopu ya programu inasoma picha iliyomo ndani ya programu, si faili ulilolitoa. Ukimaliza, lirudishe faili juu ya klipu za mradi uleule, weka mchanganyiko wa tofauti (Difference), unaoonyesha tu pale picha mbili zinapotofautiana, utazame wevufomu. Ikilala karibu na 0, mpelekee mteja. Ikiinuka juu ya picha nzima, viwango vimekosewa wakati wa kutoa.