Usilaze maji kwenye mpira: kutunza vifaa vya kuoshea vioo kiangazi cha Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu, karibuni. Tupo nyuma ya jengo la ghorofa tatu hapa Dodoma, kirikuu chetu kimeshapaki kivulini, na kabla hatujagusa kioo hata kimoja nataka tutazame vifaa. Namna ya kuosha kioo tutaigusa kidogo tu. Kwa aliye mgeni: pampu inasukuma maji yaliyochujwa kwenye filta, yanapita kwenye mpira wa maji mpaka kwenye fito ndefu, na mwisho wa fito kuna brashi yenye vitundu vya kutolea maji kiooni. Leo nazungumzia maji yanayobaki ndani ya mpira, pampu na filta, maana hapo ndipo hela za mafundi wengi wa usafi zinapopotelea.

Ukitafuta mtandaoni mafunzo ya kazi hii, video nyingi utakazokutana nazo ni za Uingereza, Kanada na Marekani, na miezi yao ya baridi wanahangaika na barafu. Wana sababu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya kichwa cha pampu au kasha la filta, yanapasua. Ndiyo maana utawaona wanawasha hita ndani ya gari usiku kucha. Sisi huku, usiku wa Juni na Julai ukiwa na baridi kweli, unashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi. Hakuna kitakachoganda. Kwa hiyo hita usinunue, na dawa za kuzuia barafu usizitie kwenye tenki lako. Anayepata kazi Makete au jirani na Kitulo, huko sakitu ipo kweli, huyo awasikilize wale jamaa kwa makini.

Lakini wana tabia moja ambayo nawaomba sana muichukue: hawaachi maji yalale kwenye kifaa. Kwao yakilala yanakuwa barafu. Kwetu yakilala yanapata moto juani, yanaota ukijani, au yanakauka na kuacha chumvi. Njia zinatofautiana, ila mwisho wa siku pampu imekufa kotekote.

Sasa tuanze. Hatua ya kwanza ni kuyajua maji yako. Kaka wa kamera, sogea hapa waione namba. Hiki ni kipimo cha TDS, kinasoma chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Ni kidogo, kinakaa mfuko wa shati. Nachota maji ya bomba kwenye kikombe, nazamisha ncha, nasubiri namba itulie. Usikariri namba ya fundi mwenzako. Maji ya visima vya Mzakwe, ya kisima cha mtu binafsi kule Nzuguni na ya boza lililoitwa na mteja hayafanani. Pima kila unapofika kwenye kazi mpya.

Chukulia kimesoma 500, yaani miligramu 500 kwa lita. Kila lita ina nusu gramu ya vitu usivyoviona, na ndoo ya lita 20 ina gramu 10. Kwa ladha ya kunywa hakuna tabu. Shirika la Afya Duniani linahesabu maji ya chini ya 600 hivi kuwa na ladha nzuri. Ila kunywa ni jambo moja na kuoshea kioo ni jingine. Jua likipiga, maji yanaenda hewani na zile gramu zinabaki kiooni, madoa meupe. Zinazobaki ndani ya vitundu vya brashi na kwenye vali za pampu zinakuwa ukoko, uleule unaoukuta ndani ya birika la chai.

Hatua ya pili ni mpangilio wa filta. Maji yanaingia hapa kwenye filta ya kuzuia mchanga na vumbi, ya maikroni 5, yaani sehemu tano kati ya elfu moja za milimita. Kiangazi chetu kina upepo na vumbi jekundu, na matenki mengi ya juu hayana mfuniko wa maana, kwa hiyo hii inajaa upesi. Ifungue uione. Ikiwa imegeuka rangi ya tope, badilisha, haina gharama kubwa. Inayofuata ni ya mkaa, na kazi yake ni kunyonya klorini. Usiiruke hata kidogo, kwa sababu klorini inakula membreni, ule utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi, na membreni ndiyo kifaa cha bei mbaya hapa. Baada ya mkaa ndipo membreni, na mwisho kabisa rezini, yaani chembechembe zinazonasa chumvi iliyobaki.

Kwa nini vyote viwili, membreni na rezini? Membreni nzima inazuia chumvi kwa asilimia 95 hivi, kwa hiyo ile 500 inashuka hadi 25, na rezini inamalizia mpaka karibu na sifuri. Ukiipa rezini ile 500 moja kwa moja itachoka mara 20 haraka zaidi. Namba tunayoitaka kwenye brashi ni kati ya 0 na 10. Ndani ya hapo unaosha, unasuuza, unaondoka, kioo kinajikausha chenyewe. Ikizidi, rezini imekwisha, hata kama umeinunua juzi.

Membreni ina bomba la pembeni linalotema maji yenye chumvi iliyokolea. Maji Dodoma ni hela, kwa hiyo yakinge kwenye pipa. Yanafaa kupigia deki na kumwagia chooni. Bustani ya mteja usiiguse nayo.

Hatua ya tatu ni jua, na hapa naomba umakini wenu. Gusa mpira huu uliolala kwenye lami tangu asubuhi. Umeona nilivyorudisha mkono? Maji yaliyomo humo ni ya moto. Membreni nyingi zimetengenezwa kuvumilia mpaka nyuzi 45, na mpira mweusi uliosahauliwa juani mchana wa Oktoba unaweza kupita hapo. Kwa hiyo kabla hujaunganisha, fungua bomba, maji ya kwanza yaingie ndoo, weka mkono, ukihisi yamepoa ndipo uunganishe. Filta zenyewe zifunike kwa turubai jeupe au ziweke chini ya gari. Na usizifungie ndani ya gari lililopaki juani, humo ni tanuri.

Mpira unaopitisha mwanga nao una matatizo yake. Mwanga ukiingia na maji yamelala, ukijani unaota ndani, na ukishaota unakuja kwenye brashi vipande vipande na kuziba vitundu. Nunua mpira usiopitisha mwanga. Tenki hivyohivyo, kama lako ni lile jeupe la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, livishe turubai au lipige rangi.

Jua hilohilo lipange pia kazi yako. Asubuhi osha upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki. Na kwa sababu tupo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Juni jua la mchana linapita kaskazini kwetu, vioo vinavyotazama kaskazini vinaungua mchana kutwa. Desemba linahamia kusini. Ukimwagia kioo kilichoungua, maji yanakauka kabla hujasuuza, na kioo chenye ufa mdogo kinaweza kumalizika kupasuka. Upepo wa mchana ukiwa mkali, shusha fito. Na popote penye nyaya za TANESCO karibu, fito usiinyanyue kabisa, hasa ya nyuzi za kaboni, maana inapitisha umeme.

Tunakuja kwenye hatua ya nne, kufunga kazi. Tutaifanya polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanapochoka, wanakunja mpira harakaharaka na kuutupa nyuma ya gari.

Zima pampu. Usichomoe chochote bado. Fungua koki ya kwenye fito kwanza, presha itoke, la sivyo mpira utakurukia usoni. Sasa chomoa mpira upande wa pampu. Simamisha fito wima, maji yaliyomo yashuke yenyewe. Halafu shika mwanzo wa mpira, uweke begani, tembea ukiuvuta begani mpaka mwisho wake. Tazama mwenzangu anavyofanya: maji yanasukumwa mbele yake na yanatoka kule mwisho. Rudia mara ya pili, utashangaa bado yapo. Ukiwa na pampu ya upepo ya matairi, malizia nayo, upepo mdogo tu. Kwenye kasha la filta na membreni usipulize.

Sasa washa pampu tena, ivute maji safi yaliyopita kwenye rezini kwa dakika moja, kisha toa bomba lake la kuvutia kwenye tenki, iache ivute hewa sekunde chache mpaka iteme maji yote. Dakika hiyo moja ndiyo inayoondoa chumvi kwenye vali. Ukiiacha na maji ya bomba ndani, wiki kadhaa baadaye utaisikia inaguna bila kusukuma kitu.

Brashi isuuze mpaka vumbi jekundu liishe, ikung'ute, itundike kivulini nywele zikitazama chini. Mpira ukunje kwa duara kubwa usivunjike shingo, uuweke ndani, na midomo yake yote miwili uifunge kwa kitambaa. Kitambaa kinapitisha hewa ukauke, lakini kinamzuia nyigu. Wale nyigu wa udongo wanapenda sana matundu ya namna hii, na kipande cha udongo wao kikiingia kwenye vitundu vya brashi utapoteza asubuhi nzima kuchokonoa.

Nimesema usilaze maji. Membreni haifuati sheria hiyo. Ikishaloa haitakiwi kukauka tena, ikikauka imeharibika. Kwa hiyo funga koki zake mbili, maji yabaki ndani, iweke kivulini, na kama huna kazi, kila baada ya siku chache ipitishie maji mapya. Ukijua utakaa wiki kadhaa bila kazi, muulize aliyekuuzia dawa ya kuhifadhia, sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 1, uijaze humo.

Kama vitundu vya brashi vimeshaota ukoko, viloweke kwenye siki nyeupe nusu na maji nusu, subiri vipovu vikome, suuza vizuri. Pampu nayo ipitishie siki hiyohiyo ikiwa haijaunganishwa na filta. Siki isidondokee marumaru za mteja, inazila.

Najua wengi mnaonitazama hamna membreni wala rezini, mna ndoo, kitambaa na kifutio cha mpira. Kazi yenu ni halali na mnaweza kuifanya safi. Mvua zetu zinaanza Desemba hivi mpaka Aprili. Kinga maji ya bati, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi kwanza, yahifadhi kwenye pipa lililofunikwa, hayo yana chumvi kidogo sana. Kiangazi, osha kwa maji ya bomba, futa yote kwa kifutio, kisha pitisha kitambaa kilicholoweshwa maji ya betri kwenye kingo zinazobakiza matone. Hakikisha dukani umepewa yale maji yasiyo na chumvi ya kuongezea betri. Asidi ya betri ni kitu kingine kabisa, inaunguza ngozi na macho, soma chupa. Ule ukingo wa mpira wa kifutio usiuache dirishani juani, unakuwa mgumu na kuacha mistari.

Kesho asubuhi, ukishaunganisha upya, elekeza brashi kwenye ndoo na uache maji ya mwanzo yatoke. Kinga kikombe, zamisha kipimo. Kikisoma chini ya 10, anza na kioo cha juu kabisa upande wa magharibi. Kikizidi, rezini kwanza, vioo baadaye. Maswali yaandikeni hapo chini, na mkitaja mtaa wenu na namba mliyoipima itanisaidia kuwajibu vizuri.